Gari la Safari la Umeme Linapolalamika: Kutafuta Chanzo Kwenye Chesisi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wahandisi wa chesisi, na mafundi wanaofanya nao kazi, wanaohudumia magari ya utalii yaliyokuwa ya dizeli kisha yakatolewa injini na kuwekewa mota na betri. Gari ninalolizungumzia zaidi ni Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, ambalo kila anayefika Serengeti, Ngorongoro au Maasai Mara hulikuta kila kona. Chesisi yake ni ya mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa mihimili ya kukingama, kama ngazi iliyolazwa. Ekseli zake zote mbili ni za kipande kimoja. Na tangu 1999 matoleo yake marefu yana springi za koili mbele na springi za bapa nyuma. Mengi ya magari hayo yamekatwa katikati na kurefushwa ili yapate safu nyingine ya viti, jambo ambalo tutalirudia, kwa sababu mhandisi anayepokea gari la namna hiyo hapokei chesisi ya kiwandani bali chesisi yenye historia.

Malalamiko hufika karakana yakiwa tayari yamepewa jina. Dereva husema betri ni mbovu, mwenye gari husema mota ina kasoro, na kompyuta nayo hutoa namba ya hitilafu inayoelekea kuwaunga mkono wote wawili. Katika miaka ambayo nimefanya kazi hii, chanzo kimekuwa chini ya betri mara nyingi zaidi ya kilivyokuwa ndani yake. Fremu ya Land Cruiser imeundwa ikubali kupindapinda, kwa kuwa ndivyo magurudumu manne yanavyobaki ardhini gari linapovuka korongo kwa mshazari. Vifaa vya umeme wa volti kubwa, kwa upande wao, vimeundwa visipindwe hata kidogo. Anayevifunga viwili hivyo pamoja bila kuamua ni kipi kitakachomvumilia mwenzake ameshapanda hitilafu nyingi zitakazoelezwa hapa.

Vipimo vya kwanza, kabla ya kuunganisha kompyuta

Naomba msomaji asiharakishe kusoma namba za hitilafu. Apime kwanza uzito unaobebwa na kila gurudumu, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa. Kisha apime kimo cha fremu kutoka ardhini karibu na kila gurudumu. Halafu mishazari ya fremu, yaani umbali kutoka sehemu moja inayojulikana upande wa mbele kushoto hadi sehemu inayolingana nayo nyuma kulia, na kinyume chake. Mishazari hiyo miwili ikitofautiana kwa zaidi ya milimita tano, mimi huanza kuitilia shaka fremu kabla ya kushuku kitu kingine chochote. Karakana isiyo na mizani ya gurudumu moja moja inaweza kutumia mizani ya barabarani, ekseli baada ya ekseli, ingawa kwa njia hiyo tofauti ya kushoto na kulia haitaonekana.

Vipimo hivi vinapaswa kuwa vimeandikwa siku gari lilipokamilika kubadilishwa. Iwapo havikuandikwa, viandikwe leo, kwa kuwa bila kumbukumbu ya mwanzo fundi wa mwezi ujao hataweza kujua kama springi imelegea au ilikuwa hivyo tangu awali.

Taa ya hitilafu ya kihami inawaka baada ya mvua au barabara mbaya, kisha inazima yenyewe

Hii ndiyo dalili inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayosababisha vifaa vizima kubadilishwa bure. Mfumo wa gari hupima kila wakati ukinzani kati ya nyaya za volti kubwa na mwili wa gari. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa inataka ukinzani huo, kwa umeme wa mkondo mnyoofu, usipungue omu 100 kwa kila volti. Kwa hiyo betri ya volti 350 haitakiwi kushuka chini ya omu 35,000. Unyevu kidogo ndani ya sanduku la betri au ndani ya kiungio cha kebo ya rangi ya chungwa hutosha kuushusha, na jua la mchana hutosha kuupandisha tena. Ndiyo maana gari hufika karakana likiwa zima.

Nililipokea gari moja la aina hiyo mara tatu katika msimu mmoja wa masika. Karakana iliyolihudumia kabla yetu ilikuwa imebadilisha inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kuendesha mota, na sisi wenyewe, mara ya kwanza, tulikausha viungio na kuliruhusu liondoke, uamuzi ambao ninaujutia. Mara ya tatu tuliacha kulikagua likiwa limesimama kwenye sakafu iliyo sawa. Tulilipandisha kwenye ngazi za mbao ngumu, gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia likiwa juu, yale mengine mawili yakiwa chini, ili fremu ipinde kama inavyopinda porini. Mfuniko wa sanduku la betri, ambao kwenye sakafu ulikuwa umekaa vizuri kabisa, uliachia kwenye kona moja kiasi cha kupitisha karatasi.

Kipimo hicho ni rahisi na ninakipendekeza kwa kila gari lenye dalili hii. Kabla ya kukifanya, umeme wa volti kubwa ukatwe kwa kuvuta plagi ya huduma, ungojewe muda uliowekwa na mtengenezaji wa inveta, na mtu aliyefunzwa, akiwa na glavu za mpira za volti 1,000, athibitishe kwa mita kwamba volti iliyobaki iko chini ya 60. Kisha vipande vyembamba vya karatasi vibanwe kati ya mfuniko na raba yake, kuzunguka sanduku lote, na gari lipandishwe kwa mshazari. Pale ambapo karatasi inachomoka bila kuchanika, maji nayo yatapita. Sanduku lililotangazwa kuwa na kinga ya daraja la IP67, yaani linaloweza kuzamishwa mita moja kwa nusu saa bila kuingiza maji, lilipimwa likiwa limetulia, wala hakuna aliyelipinda wakati wa jaribio.

Chanzo karibu kila mara ni boliti nne. Sanduku limefungwa kwenye kona zake nne moja kwa moja kwenye mihimili miwili mirefu, na fremu inapopinda linalazimishwa kupinda nayo. Kinga inayofaa kila mama wa nyumbani anaijua: chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na kwa sababu ni matatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mashimo. Vivyo hivyo sanduku la betri lishikwe kwa sehemu tatu, mbili upande mmoja, kila moja kwenye mhimili wake, na ya tatu katikati ya mhimili wa kukingama upande wa pili, ikiwa na bushi ya duara inayoruhusu kugeuka. Hapo fremu itapinda inavyotaka nalo sanduku litabaki bapa.

Wengine hujaribu kuponya tatizo hili kwa kubakiza boliti nne na kuweka raba nene chini yake. Sikubaliani nao, na sababu iko kwenye barabara zetu. Barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati ina migongo iliyo karibukaribu. Tuchukue sentimita 75 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupigwa mara 18 hadi 19 kwa sekunde, na likienda kilomita 35 hupigwa mara 13. Ekseli nzito kama hizi zenyewe hupenda kurukaruka kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, na ndiyo maana madereva huona mwendo wa 35 ni wa mateso kuliko ule wa 50. Sanduku la kilo mia kadhaa lililowekwa juu ya raba zilizochaguliwa kwa kukisia linaweza kuwa na mtikisiko wake wa asili humohumo, na hapo kila kilomita ya bati inakuwa nyundo inayopiga boliti, viungio na nyaya. Raba ziwepo, lakini ugumu wake ukokotolewe kwa uzito halisi wa sanduku.

Usukani ni mwepesi kupita kiasi, gari linatangatanga au magurudumu ya mbele yanatetemeka

Hapa uzito ndio shahidi wa kwanza. Betri za lithi-chuma-fosfeti, zikihesabiwa pamoja na sanduku na mabomba ya kupozea, hutoa takriban wati-saa 120 hadi 150 kwa kila kilo, kwa hiyo betri ya kilowati-saa 60 ina uzito wa kilo 400 hadi 500. Injini ya dizeli yenye silinda sita iliyoondolewa ilikuwa juu ya ekseli ya mbele. Betri iliyokuja badala yake mara nyingi hugawanywa, sehemu chini ya boneti na sehemu nyuma, palipokuwa na tangi. Chukua gari lenye mita 3.4 kati ya ekseli, na sanduku la kilo 250 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haitaongezewa kilo 250 bali 279, na ile ya mbele itapunguziwa 29, kwa sababu mzigo ulio nyuma ya gurudumu la nyuma huinua pua ya gari. Ukiongeza wageni, mabegi yao na tairi mbili za akiba mlangoni, magurudumu ya mbele hubaki na kazi ya kuelekeza gari bila uzito wa kuifanyia.

Kuna jambo la pili ambalo husahauliwa. Springi za koili za mbele zilichaguliwa zibebe injini. Mzigo ukipungua, pua hupanda, na kwa kuwa ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayoelekea nyuma ya gari, kila sentimita ya kupanda huizungusha ekseli kidogo na kupunguza pembe ya kasta, ile inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Ile fimbo ya Panhard inayozuia ekseli isiende pembeni nayo huisukuma upande mmoja. Matokeo yake ni gari lisilorudisha usukani, na siku moja, likikanyaga shimo kwa mwendo wa kilomita 60, magurudumu ya mbele huanza kutetemeka kwa nguvu inayomtisha dereva. Wengi hukimbilia shokapu ya usukani. Shokapu mpya hunyamazisha dalili kwa wiki chache, lakini chanzo kinabaki palepale. Pima kimo, weka springi zinazolingana na mzigo mpya, sahihisha kasta kwa bushi za kuirekebisha, na mwisho kagua beringi za kingpini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, na ncha za fimbo za usukani, ambazo kutetemeka kutakuwa kumeshaziumiza.

Mlio wa kugonga chini ya sakafu, hasa wakati wa kuachia pedali

Mota ya umeme hutoa torki yake yote, yaani nguvu yake ya kuzungusha, tangu gari likiwa limesimama, na dereva akiachia pedali inageuka kuwa jenereta na kuvuta kwa upande wa kinyume. Springi za bapa za nyuma hazibebi uzito tu. Ndizo pia zinazozuia ekseli isijizungushe. Kwa dizeli zilivutwa polepole kwa upande mmoja, na zikavutwa kidogo kinyume wakati wa breki ya injini. Sasa zinasokotwa mbele na nyuma mara mamia kwa siku moja ya kufuatilia simba, ambapo dereva huanza, husimama na kurudi nyuma bila kukoma.

Fuata mlio kwa utaratibu. Tia mstari wa rangi unaovuka nati na boliti ya kila yubolti, ile boliti ya umbo la U inayobana springi kwenye ekseli, na mwingine unaovuka springi na kiti chake juu ya ekseli, kisha endesha siku nzima. Mstari uliokatika kwenye nati unaonyesha yubolti imelegea; mstari uliohama kwenye kiti unaonyesha kwamba boliti ya katikati ya springi imekatika au iko njiani kukatika, na gari hilo lisitoke tena hadi litengenezwe. Yubolti zilizolegea zibadilishwe, kwani zimeshavutika, na mpya zikazwe tena baada ya kilomita 500. Ikiwa mistari yote iko sawa, chunguza krosi za propela, yaani viungio vya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, kisha vishikio vya mota. Suluhisho la kudumu mara nyingi liko kwenye programu: torki ipande na kushuka kwa mteremko mdogo badala ya kwa mkupuo, na iwekewe kikomo transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, ikiwa kwenye gia nzito. Mhandisi wa chesisi ana haki ya kudai jambo hilo kwa mwenzake wa umeme, hata kama mwenzake atasema kwamba gari litapoteza utamu wake.

Mlango unakataa kufunga, au dari la kuinuka linakwama

Dalili hii huonekana kama kazi ya seremala wa bodi, na ndiyo hatari kuliko zote. Mlango uliofunga vizuri mwaka mzima ukaanza kugusa fremu yake unaonyesha kwamba chesisi imeanza kuinama. Osha fremu mahali iliporefushwa, ikauke, kisha tumia rangi ya kupenyeza ili kuona nyufa. Nyufa huanza mahali panapojulikana: kwenye mshono wa kuchomelea uliokata mhimili wima kutoka juu hadi chini, kwenye ncha ya bamba la kuimarisha lililokatwa mraba, na kwenye tundu lililotobolewa kwenye ukingo wa juu au wa chini wa mhimili ili kufunga kishikio cha betri. Kingo hizo mbili ndizo zinazobeba karibu nguvu yote ya kuinama, ilhali katikati ya mhimili nguvu hiyo ni ndogo. Matundu na mishono ya vishikio vipya ikae katikati, ubavuni.

Kuziba ufa kwa kuchomelea juu yake ni kuuficha. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, usage ufa wote hadi chuma kizima, uchomelee, kisha weka bamba la ubavuni ambalo ncha zake zimechongwa kwa mteremko mrefu, ili nguvu ipite taratibu kutoka chuma kimoja hadi kingine. Kabla ya hapo betri ya volti kubwa itolewe garini; kuitenganisha peke yake hakunitoshi pale moto unapofanya kazi nusu mita kutoka kwenye seli. Klampu ya ardhi ifungwe karibu na mshono, kamwe isifungwe upande wa pili wa mota, kwa kuwa mkondo utapita ndani ya beringi zake na kuziacha na mabaka. Na kama ufa unakaribia nusu ya kimo cha mhimili, ushauri wangu kwa mwenye gari huwa mmoja: fremu ibadilishwe.

Pedali ya breki imekuwa ngumu, au breki zinanuka mteremkoni

Busta ya breki ya gari hili, inayousaidia mguu wa dereva, ilipata ombwe lake kutoka kwenye pampu iliyofungwa nyuma ya altaneta, na altaneta imeondoka pamoja na injini. Pampu ya umeme iliyochukua nafasi yake hulishwa na volti 12. Gari likiwa limezimwa, kanyaga pedali mara tatu. Ya nne ikiwa ngumu ni kawaida. Lakini ikiwa gari limewashwa na pedali bado ni ngumu, sikiliza kama pampu inafanya kazi, kagua fyuzi na mpira wa ombwe, halafu pima volti ya betri ndogo wakati usukani unazungushwa gari likiwa limesimama, kwa kuwa pampu ya usukani hula umeme mwingi kutoka chanzo hichohicho, na kibadilisha volti kilicho kidogo huziacha zote mbili na njaa. Usukani mzito na breki ngumu vikija pamoja, anzia hapo.

Breki zinazonuka ni jambo jingine, na mfano wake bora ni Ngorongoro. Barabara ya Seneto huwashusha wageni hadi sakafu ya kreta, takriban mita 600 chini ya ukingo. Gari la kilo 3,500 linaloshuka kimo hicho lina nishati ya karibu kilowati-saa 5.7 ya kuitoa mahali fulani. Betri ikiwa na nafasi, mota huimeza sehemu kubwa ya nishati hiyo na pedi za breki hubaki baridi. Lakini gari lililolala hotelini juu ya ukingo likachajiwa usiku kucha hadi asilimia 100 halina pa kuiweka. Mfumo huzima uvutaji wa mota ili kulinda seli, na mzigo wote huangukia breki za kawaida, ambazo sasa zinasimamisha gari zito kuliko lile la dizeli, bila msaada wa injini kushikilia mwendo. Dereva husema kwamba gari lilimponyoka asubuhi lakini jioni lilikuwa sawa, na fundi asiyeuliza lilichajiwa wapi atafungua mfumo mzima wa breki bila kuona kasoro.

Kwa magari yanayolala ukingoni, weka kikomo cha kuchaji cha asilimia 90. Katika betri ya kilowati-saa 60 hiyo huacha nafasi ya kilowati-saa 6. Ikiwa breki zimeshanuka mara moja, badilisha mafuta ya breki yote, kwani yaliyochemka huacha mapovu ambayo yatailegeza pedali siku nyingine, kisha pima unene wa pedi na uangalie kama diski zimegeuka rangi ya buluu. Dereva aelezwe mapema kwamba kwenye mteremko wa kwanza wa siku akague kiwango cha betri kabla ya kupita geti la Seneto, na akiona kimezidi 95, aende taratibu akiwa na nafasi ya kutosha mbele yake.